Mti wa Mpira Saloni, na Watumishi Wake Waliobaki Nje

Shika jani moja la mti wa mpira bila kulichuma, ulielekeze dirishani wakati wa asubuhi. Ni jani nene, la kijani kizito, na linang'aa kwa sababu limepakwa nta tangu lilipofunguka, wala mkono wa mtu haukuhusika. Urefu wake waweza kufika sentimita 30. Unene wake haufiki milimita moja, na ndani ya unene huo mdogo Mwenyezi Mungu ameweka mahali pa kuhifadhi maji, mahali pa kutengenezea sukari kwa nguvu ya mwanga, mirija ya kupitishia chakula, mirija mingine ya utomvu mweupe, na vitundu maelfu kwa maelfu vya kuingizia hewa.

Mti wenyewe tunaufahamu. Hapa Bunia, katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, utaukuta saloni kando ya viti vya wageni, kwenye baraza ya ofisi, au mlangoni pa hoteli, umepandwa ndani ya kopo, ndoo au bidoni iliyokatwa. Wataalamu huuita Ficus elastica. Si mzaliwa wa Ituri. Kwao ni misitu ya mvua inayoanzia chini ya milima ya Himalaya upande wa mashariki, ikapita Assam na Myanmar, ikashuka hadi Malaysia, Sumatra na Java. Huko hauwi mmea wa kona ya chumba. Unasimama mita 30 hata 40, na shina lake laweza kuwa na upana wa mita mbili. Ni ndugu wa mitini na mikuyu, na katika ukoo huohuo umo mvule wetu, ambao mafundi seremala wa Ituri wanaujua vizuri.

Tukiuingiza mti wa namna hii nyumbani, tunauondoa mikononi mwa watumishi wengi ambao Muumba aliuwekea. Msituni mvua huuosha. Jua huuzungukia. Majani yaliyooza huulisha. Upepo huuimarisha. Ndege hubeba mbegu zake, na mdudu mmoja mdogo sana huziwezesha mbegu hizo kuwako. Ndani ya kuta zetu, chini ya mabati yetu, hakuna hata mmoja wa hao. Tangu kopo linapovuka kizingiti, kazi ya wote hao inamwangukia mwenye nyumba. Ndiyo maana naamini kwamba kuutunza mti wa mpira ni njia mojawapo ya kumjua Mungu. Unapofanya kazi ya mtumishi wake mmoja, hapo ndipo unapotambua ukubwa wa kazi hiyo, na jinsi ilivyokuwa ikifanyika kila siku bila mtu kuisimamia.

Ngozi ya jani, na kazi ya mvua

Majani ya mimea mingi yana ngozi ya tabaka moja tu la seli. Jani la mpira, upande wake wa juu, limepewa matabaka kadhaa. Seli za matabaka hayo hazina rangi ya kijani. Zinahifadhi maji, na kwa kuwa ni angavu, zinauacha mwanga upite hadi kwenye seli za kijani zilizo chini yake. Vitundu vya hewa havikuwekwa juu, kwenye joto la jua. Viko upande wa chini wa jani, tena vimezama kidogo ndani ya ngozi ili hewa inayopita isiyanyang'anye majani unyevu wake. Kwa hiyo mti huu unastahimili siku za ukame ambazo zingeulaza mmea mwororo.

Ndani ya ngozi hiyo ya juu kuna ajabu nyingine ambayo haionekani bila hadubini. Hapa na pale seli moja imekuwa kubwa kupita jirani zake, na ndani yake bonge la chokaa linaning'inia kwenye kikonyo chembamba, kama taa iliyotundikwa darini. Wataalamu huliita sistolithi. Vizazi vya wanasayansi vilijiuliza kazi ya mawe hayo madogo. Mwaka 2012 watafiti waliochunguza mtini mwingine wa ukoo huu, Ficus microcarpa, walionyesha kwamba bonge hilo hupokea mwanga unaoangukia jani na kuutawanya hadi kwenye seli za ndani, ambazo bila hilo zingepata mwanga haba. Mawe ndani ya jani, yanayogawa mwanga! Tulipita mbele ya kopo hilo mara ngapi bila kujua?

Sasa fikiria vumbi la Bunia. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua, barabara za udongo hukauka, na kila pikipiki inayopita huinua vumbi jekundu linaloingia madirishani na kutulia juu ya kila kitu. Likitua juu ya jani la mpira, mpango wote ule wa kupokea mwanga unafunikwa. Msituni mvua moja ingetosha kuliondoa. Nyumbani mvua ni wewe. Chukua kitambaa laini kilichochovywa katika maji safi, tegemeza jani kwa kiganja kimoja kutoka chini, ulifute taratibu kuanzia kikonyo hadi ncha. Wakati wa kiangazi fanya hivyo walau mara mbili kwa mwezi.

Wako wanaopaka mafuta ya kupikia au mafuta ya kujipaka ili jani ling'ae zaidi. Tuache desturi hiyo. Mafuta hushika vumbi na kuziba vitundu vya hewa, na mng'aro wa jani ulikwisha kutolewa na Muumba, haudai nyongeza. Ukifuta, geuza jani uangalie upande wa chini. Hapo ndipo wadudu gamba na utitiri wanapojificha, hasa miezi mikavu. Ukiwaona mapema, maji yenye sabuni kidogo na kitambaa vinatosha kuwaondoa.

Jua linalohama

Bunia iko kaskazini mwa ikweta kwa nyuzi moja na nusu hivi, juu ya nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200, wakati Ziwa Albert, mwendo mfupi upande wa mashariki, liko chini kwenye mita 620 hivi. Kwa mwinuko huo joto letu si lile la Kasenyi ziwani. Usiku hupoa, lakini haupoi kiasi cha kuudhuru mti huu, ambao huanza kuteseka joto linaposhuka kukaribia nyuzi 10. Hilo ni jambo la kushukuru. Wanaoutunza Ulaya huogopa madirisha ya baridi na hewa kavu ya mashine za kupasha joto nyumba. Sisi tumepewa bila malipo hali ya hewa inayokaribia ile ya kwao.

Jua letu, hata hivyo, ni kali, tena lina mwendo wake. Mwishoni mwa Machi linapita juu ya utosi wetu. Tangu hapo hadi katikati ya Septemba, saa sita za mchana utaliona limeegemea kaskazini. Baada ya hapo linaegemea kusini hadi Machi irudi. Dirisha la kaskazini lililokuwa na kivuli wakati wa Krismasi laweza kupokea jua mwezi wa sita, na la kusini likafanya kinyume chake. Mwenye mti wa mpira anajifunza kalenda hiyo bila kufungua kitabu, kwa kuangalia sakafu yake tu.

Mti huu unapenda mwanga mwingi lakini hautaki jua la mchana liuchome majani ghafla kupitia kioo. Mahali pazuri ni karibu na dirisha la mashariki, ambapo jua la asubuhi huingia likiwa bado pole, au mita moja au mbili kutoka dirisha linaloelekea baraza. Ukiona mabaka makavu ya kahawia katikati ya jani, limeungua. Ukiona shina linarefuka na nafasi kati ya jani na jani inapanuka, mti unalilia mwanga. Usiuhamishe ghafla kutoka kona yenye giza hadi juani. Usogeze hatua kwa hatua, maana ukishtuka huangusha majani. Na mara kwa mara uzungushe kopo robo ya mzunguko, ili mti usipinde wote kuelekea dirishani.

Robo ya mzunguko wa kopo ni jambo dogo, lakini tafakari unachofanya. Msituni mti hausogei hata inchi moja. Dunia nzima iliinamishwa na kuzungushwa ili mwanga uufikie kutoka pande zote kwa zamu, siku kwa siku na mwezi kwa mwezi. Sisi tunazungusha ndoo ya udongo na mgongo unauma. Yeye anazungusha sayari.

Mti uliozaliwa juu ya mti

Ni kwa nini mti wa mita 40 unakubali kuishi ndani ya bidoni? Jibu liko katika namna unavyozaliwa. Katika misitu ya kwao, mara nyingi mti huu hauanzi maisha chini. Ndege hula tini lake, huruka, na kudondosha mbegu penye panda ya mti mwingine, juu kabisa. Hapo mbegu huota katika kiasi kidogo cha majani yaliyooza. Mche hunywa mvua inaponyesha na huvumilia kiu inapoacha. Polepole huteremsha mizizi kwenye shina la mwenyeji wake hadi ifike ardhini, na hapo tu ndipo hupata nguvu ya kuwa mti mkubwa.

Kwa hiyo udongo mdogo ni jambo ulilolizoea tangu utoto wake. Ulikwisha kuandaliwa kwa ajili ya kopo letu kabla ya mtu yeyote kufikiria kupanda mti saloni. Na katika maandalizi hayohayo zimo kanuni zake zote za maji. Huko juu kwenye panda, mvua ikinyesha maji hupita na kuondoka, na mizizi inabaki na hewa. Mizizi hiyo haikuumbwa kukaa ndani ya tope. Miti ya mpira inayokufa majumbani, mingi imeuawa na maji mengi ya watu wenye nia njema.

Fanya hivi. Toboa matundu ya kutosha chini ya chombo. Changanya udongo mweusi wa shamba na mchanga wa mtoni na mboji iliyooza vizuri, ili maji yasituame. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ngoja. Ukikuta pakavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha umwage yale yaliyobaki kwenye sahani. Siku za mvua nyingi utamwagilia mara chache, kiangazi mara nyingi zaidi. Kidole kiwe kipimo chako, usitegemee kalenda. Majani mengi yakigeuka manjano kwa pamoja na udongo ukiwa na maji, punguza mkono wako. Jani moja kuukuu la chini likianguka, usihangaike, limemaliza kazi yake.

Chakula chake ni kile ambacho msitu huupa kila mti: mabaki ya vilivyokufa. Mboji ya majani, au maganda ya kahawa yaliyooza kabisa, kiganja kimoja au viwili juu ya udongo kila baada ya miezi miwili mti unapokua, vinatosha. Na kwa kuwa ndani hakuna upepo, usiufunge mti mchanga kwenye kijiti maisha yake yote. Ushike shina, ulitikise polepole mara kwa mara. Wanasayansi wamethibitisha kwamba miti inayotikiswa hunenepesha mashina yake. Upepo tunaoudhania adui wa miti umepewa kazi ya kuifundisha kusimama.

Ala nyekundu

Kati ya yote ambayo mti huu huonyesha, naipenda zaidi ile ncha yake ya juu. Hapo husimama ala moja ndefu, iliyochongoka, ya rangi nyekundu au ya waridi. Ndani yake jani jipya limesokotwa kwa ufundi, likiwa laini na bila nguvu bado. Ala hulikinga na jua, na ukavu, na meno ya wadudu. Siku jani linapokuwa tayari, ala hufunguka, jani hukunjuka, na ala hukauka na kuanguka. Mara jani hilo linapojitokeza, utaona tayari ala nyingine imesimama mahali pake, imelibeba jani linalofuata.

Ala ikianguka huacha alama ya duara kuzunguka shina. Tazama shina la mti wako na utaona duara juu ya duara. Kila duara ni ulinzi uliotolewa na kumalizika. Katika maisha ya mti huu jani halitokezi duniani bila kuwekewa mlinzi kwanza.

Watoto hupenda kuichambua ala hiyo kwa vidole ili waone kilichomo. Tuwafundishe kungoja. Jani lililofunguliwa kabla ya wakati wake hubaki na kovu au kupinda maisha yake yote. Haja yake ni mwanga, maji ya kiasi, na kuachwa. Mkulima na mzazi wote wawili wanajua kwamba kuacha nako ni kazi, tena nzito.

Utomvu ambao haukuwa wetu

Ukikata tawi, mti hutoa maziwa meupe mazito. Hayo ndiyo mpira wenyewe ukiwa bado majimaji. Kwa mti, utomvu huo ni ulinzi. Mdudu anayeuma jani hunasa mdomo katika ulimbo unaoganda, na jeraha la gamba huzibwa. Kwa mtu, waweza kuwasha ngozi na kuumiza tumbo. Kwa hiyo unapopogoa, tumia kisu safi, weka karatasi chini, nawa mikono, na uwaweke watoto wadogo na wanyama mbali na majani yaliyokatwa. Kitambaa chenye maji kikishikizwa penye jeraha hulisaidia kufunga.

Mkongomani hawezi kuuona utomvu huo bila kukumbuka. Kati ya mwaka 1885 na 1908, nchi yetu ilipokuwa mali ya Mfalme Léopold II wa Ubelgiji, Ulaya ilihitaji mpira kwa ajili ya magurudumu na mashine. Mpira wa msitu wa Kongo haukutoka kwenye mti huu wa saloni. Ulitoka hasa kwenye mitambaazi ya asili iitwayo Landolphia, inayopanda miti mikubwa. Watu walilazimishwa kuingia msituni kuutafuta, wake zao wakashikwa mateka, na walioshindwa kutimiza kipimo walichapwa na kuuawa. Mikono ilikatwa. Taarifa ya Roger Casement ya mwaka 1904, na picha alizopiga mmisionari Alice Seeley Harris, ziliuonyesha ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka. Hata baada ya Ubelgiji kuichukua koloni, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walipoteka mashamba ya Asia mwaka 1942, Wakongomani walirudishwa kwa nguvu kwenye mpira wa msituni.

Utomvu uliotolewa ili kufunga jeraha la mti uligeuzwa kuwa sababu ya majeraha ya watu. Kosa halikuwa la mti. Mtu aliyeagizwa kuwa mtunzaji alijifanya mmiliki, akaanza kudai. Na aliyezoea kudai kutoka kwa mti bila huruma hakuchelewa kumdai mwanadamu mwenzake vivyo hivyo.

Ficus elastica nao ulipita katika mikono ya kudai. Waingereza waliupanda kwa ajili ya mpira huko Assam katika miaka ya 1870. Lakini mwaka 1876 Henry Wickham alipeleka mbegu 70,000 hivi za mti mwingine, Hevea brasiliensis, kutoka Brazili hadi bustani ya Kew, London, na miche iliyopatikana ndiyo iliyozaa mashamba makubwa ya Asia. Hevea ilitoa mpira mwingi zaidi, na biashara ikauacha mti wetu. Ndivyo ulivyobaki huru. Leo unasimama saloni mwetu bila kudaiwa hata tone. Naona heri ndani ya jambo hilo: katika nchi ambako mpira ulidaiwa kwa damu, familia inaumwagilia mti wa mpira maji, na haitaki kitu kutoka kwake.

Mizizi inayojenga

Katika jimbo la Meghalaya, kaskazini-mashariki mwa India, Wakhasi na Wajaintia wanaishi kwenye mabonde yenye mito inayofurika vibaya. Pande hizo zinahesabiwa kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote duniani. Huko Cherrapunji, kati ya Agosti 1860 na Julai 1861, ilipimwa mvua ya zaidi ya milimita 26,000. Madaraja ya mbao huko huoza, na mengi huchukuliwa na maji. Watu hao walitazama mizizi ya mti wa mpira inayoning'inia hewani, wakaiongoza kuvuka mto ndani ya vigogo vya mipopoo vilivyopasuliwa na kutobolewa. Mizizi ilifika ng'ambo, ikashika ardhi, ikanenepa, ikafumwa pamoja. Kazi hiyo huchukua miaka 15, 20 au zaidi kabla daraja halijabeba watu, na kwa kawaida anayelianza huwaachia watoto wake walimalize. Daraja likikamilika huzidi kuwa imara kadiri linavyozeeka, kwa sababu li hai. Pale Nongriat kuna moja la ghorofa mbili. Mengine yamevuka mita 30.

Tuyapokee mafundisho mawili hapo. La kwanza ni la parseli. Nguvu inayojenga daraja yaweza kuinua msingi wa nyumba na kupasua bomba la maji. Kama mti wako umekushinda kwa ukubwa, usiupande karibu na ukuta, choo wala kisima. Utafutie uwanja mpana, au upunguze ncha na kuufupisha, nao utatoa matawi ya pembeni. La pili ni kwamba Wakhasi hawakuulazimisha mti ufanye jambo geni. Waliona kile ambacho Mungu alikwisha kukiweka ndani ya mzizi, hamu ya kutafuta ardhi, wakaifuata kwa subira. Hapo ndipo mtu anapofikia heshima yake kamili mbele ya viumbe.

Mtumishi tusiyeweza kushika nafasi yake

Nilisema kwamba mwenye nyumba hurithi kazi za watumishi wote wa mti. Yuko mmoja ambaye hawezi kumrithi. Maua ya mtini hayaonekani kwa sababu yamefichwa ndani ya tini, mamia kwa mamia, yakitazamana. Mlango ni tundu dogo kwenye ncha ya tunda. Na kila aina ya mtini, miongoni mwa aina zaidi ya 700 zilizopo, kwa kawaida ina nyigu wake maalumu, mdogo wa milimita moja au mbili, anayejua kuingia. Wa mti wa mpira anaitwa Platyscapa clavigera. Nyigu jike hujipenyeza katika tundu lile jembamba hata mabawa yake hunyofoka. Ndani hutaga mayai katika baadhi ya maua, na mengine huyapa chavua aliyoibeba kutoka tini alikozaliwa, kisha hufa humo humo. Watoto wake wa kiume huzaliwa bila mabawa. Hupandana na majike, huchimba njia ya kutokea, nao kwa kawaida hawaendi mbali na tini hilo. Majike wachanga hupita katika njia hiyo wakiwa na chavua, huruka kutafuta tini jingine, na wana siku chache sana za kulipata.

Mkataba huu kati ya mitini na nyigu umedumu mamilioni ya miaka. Bila nyigu huyo, mti wa mpira hauzai mbegu, hata ungepewa maji na mboji kiasi gani. Kati yetu, mwenye shahada na asiyejua kusoma, hakuna awezaye kuifanya kazi ya nyigu huyo kwa vidole vyake.

Tulichoachiwa sisi ni njia ya tawi. Chagua tawi lenye afya. Mahali chini kidogo ya jani, menya gamba kuzunguka tawi, upana wa sentimita mbili. Acha utomvu ukauke, ufute, kisha funika jeraha kwa mboji au unga wa mbao wenye unyevu, ufunge kwa karatasi ya plastiki juu na chini. Angalia unyevu usikauke. Baada ya miezi miwili hivi utaona mizizi myeupe kupitia plastiki. Kata chini yake, panda, na umpe jirani. Kwa njia hiyo mti unapita kutoka nyumba hadi nyumba, kutoka mtaa wa Mudzipela hadi mtaa wa Nyakasanza, na katika mji ambao vita vimewatenganisha majirani mara nyingi, mche unaotolewa bure mlangoni ni neno jema.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Tusiudai mti huu hata sifa zisizo zake. Wako wanaosema kopo moja husafisha hewa ya chumba kizima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, ulikusanya majaribio ya miaka mingi na kuonyesha kwamba hewa ya kawaida inayopita dirishani husafisha nyumba kuliko mimea ya makopo. Kwa hiyo ukiwasha jiko la makaa ndani, fungua dirisha, maana gesi yake huua na jani haliwezi kukuokoa. Utukufu wa mti wa mpira hauhitaji kuongezewa uongo.

Utukufu wake umo katika yale tuliyoyaona. Kwa mti mmoja tu, mtu anafuta vumbi, anasogeza kopo, anapima maji kwa kidole, analeta mboji, anatikisa shina, anangoja ala ifunguke. Anachoka, na bado kazi moja imemshinda. Kisha anakumbuka kwamba magharibi ya Bunia, ukipita Komanda kuelekea Mambasa, unaanza msitu wenye miti isiyohesabika, ambako kazi hizo zote hufanyika usiku na mchana. Kule Epulu, katika hifadhi ya okapi iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1996, imo mitini ya asili inayolisha nyani, ndege na popo, kila aina na nyigu wake. Magamba ya baadhi yake Wambuti, wenyeji wa msitu huo, wameyaponda kwa vizazi vingi kuwa nguo, na wanawake wao wameichora michoro ambayo sasa inatunzwa katika majumba ya makumbusho ng'ambo.

Mtini mmoja wa msitu huo ukikatwa kwa ajili ya makaa, au ukang'olewa ili watu wachimbe dhahabu chini yake, hatupotezi kuni tu. Tunawafukuza kazini watumishi ambao hatuna uwezo wa kushika nafasi yao. Yeyote aliyeutunza mti wa mpira saloni mwake kwa uaminifu anajua gharama hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Basi asikae kimya. Awaambie watoto wake, aliseme kanisani na msikitini, aliseme kwenye mkutano wa mtaa. Mungu aliyeweka taa ya chokaa ndani ya jani na mlinzi mwekundu juu ya kila chipukizi alituweka nasi kati ya viumbe vyake tukiwa walinzi, na atatuuliza habari za kopo letu, na za msitu pia.